Kiwanda, nafuu ya mwajiri, kibarua au mkopo: vijana wa Pwani waombe nini kwenye bajeti?

Mara ya kwanza niliposhika maikrofoni kwenye kikao cha maoni ya bajeti, niliiomba kaunti ipunguze VAT ya vipuri vya pikipiki. Ukumbi ulinipigia makofi. Afisa aliyekuwa mezani akaandika kitu, akanishukuru, akamwita anayefuata. Ilinichukua miezi kujua kwamba alichoandika hakikuwa na pa kwenda, kwa sababu VAT ni ya serikali kuu, kule Nairobi, na kaunti haiwezi kuigusa. Dakika zangu tatu zilikwisha hivyo, na nauli ya kurudi Kinango nilitoa mfukoni mwangu.

Ulinganisho huu ni wa mtu aliyeko pale nilipokuwa siku ile. Kikundi chenu kina nafasi moja ya kusema na wenyewe hamjakubaliana: huyu anataka kiwanda, yule mkopo, mwingine anasema irudishwe Kazi Mtaani, ule mpango wa serikali wa vibarua vya vijana. Nimechukua njia nne ambazo serikali huzitumia pale ajira za vijana zinapokuwa haba katika eneo fulani, nikaziweka mizani moja. Mifano mingi ni ya Pwani ya Kenya, ninakoishi, ila kwa Tanzania na Afrika Kusini kuna mambo ya kujifunza.

Maswali manne ya kupimia

La kwanza: ufunguo uko kwa nani? Kifungu cha 209 cha Katiba ya 2010 kimeiachia serikali kuu peke yake kodi ya mapato, VAT, ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa. Kaunti ina kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani, na ada za huduma zake, yaani vibali vya biashara, maegesho, masoko, sesi ya mazao. Sehemu kubwa ya pesa zake huja kama mgao kutoka Nairobi, ambao kwa mujibu wa kifungu cha 203 hauwezi kupungua asilimia 15 ya mapato ya taifa.

La pili: pesa inatoka wapi, na ikishalipwa inalala wapi? Wengi huliruka swali hili, na ndilo linaloeleza kwa nini eneo linaweza kuwa na shughuli kubwa na vijana wake wakakaa maskani. Kumbuka 2019. Hakuna kodi iliyopandishwa Mombasa mwaka ule. Lilitoka agizo tu kwamba mizigo ya kwenda Nairobi na nchi za jirani isafirishwe kwa reli ya SGR, ikakaguliwe na kutolewa bara. Bandari haikuhama, meli zikaendelea kutia nanga kama kawaida. Kilichohama ni kazi za pembeni: madereva na matingo, walinzi na makarani wa maghala ya makontena, mama wa chakula Mariakani, fundi wa tairi, gesti za barabarani hadi Mtito Andei. Watu waliandamana wiki baada ya wiki. Mahakama Kuu ililibatilisha agizo hilo 2020, na Septemba 2022 rais mpya alitangaza siku ya kuapishwa kwake kwamba shughuli zinarudi Mombasa. Sasa mtu akikuambia ajira za eneo ni suala la viwango vya kodi peke yake, mkumbushe hilo.

La tatu: inachukua muda gani hadi mtu apokee mshahara wa kwanza? La nne: inamfaa kijana wa aina gani? Maana "kijana" ni mtu wa darasa la nane aliyeko Samburu ya Kwale, na ni mhitimu wa chuo kikuu aliyeko Bamburi, na hawa wawili hawana shida moja.

Njia ya kwanza: kiwanda chenye msamaha wa kodi

*Ufunguo.* Uko Nairobi. Sheria ya maeneo ya EPZ, yaani ya viwanda vinavyouza bidhaa nje ya nchi, ni ya 1990: kampuni hailipi kodi ya mapato kwa miaka 10, kisha hulipa asilimia 25 kwa miaka 10 inayofuata. Sheria ya maeneo maalumu ya kiuchumi, ile ya kina Dongo Kundu hapa Mombasa, ni ya 2015, nayo hutoza asilimia 10 kwa miaka 10 na asilimia 15 kwa miaka 10 mingine. Kampuni ya kawaida hulipa 30. Kaunti inabaki na ardhi, maji, barabara za ndani na vibali vya ujenzi, na usividharau hivyo, kwa sababu mwekezaji anaweza kusamehewa kodi yote na bado akakwama kwa kukosa maji.

*Pesa.* Serikali haitoi noti hapa, inaacha tu kukusanya. Ndiyo maana njia hii huonekana kama ya bure, na ndiyo maana ni vigumu kuihoji: mradi wa barabara utauona kwenye kitabu cha bajeti una mstari wake, ila kodi iliyosamehewa huwezi kuionyesha kidole. Kwa upande mwingine, mishahara hulala pale wafanyakazi wanapolala. Nenda Athi River uone vyumba vya kupanga, vibanda vya sukuma wiki na vinyozi waliojizungushia EPZ.

Athi River yenyewe iko Machakos, mlangoni mwa Nairobi. Kiwanda hufuata barabara, umeme na soko, hakifuati mahali penye vijana wengi wasio na kazi. Sheria ilijaribu kukivuta. Kwa miaka mingi aliyejenga kiwanda nje ya Nairobi, Mombasa na Kisumu kwa shilingi milioni 200 au zaidi aliruhusiwa kukata asilimia 150 ya gharama yake kwenye mapato yanayotozwa kodi. Nafuu hiyo ikafutwa 2020. Mwaka 2021 ikarudi, safari hii kwa mwenye kuwekeza bilioni 2 nje ya Nairobi na Mombasa. Maoni yangu ni kwamba kigeugeu hicho huwafukuza watu kuliko kiwango chenyewe. Mtu anayepanga kiwanda cha miaka 20 hawezi kufuata sheria inayobadilika kila Juni.

*Muda.* Miaka. Dongo Kundu imekuwa kwenye mipango zaidi ya mwongo mmoja. Na kazi ikishakuja, kwa kawaida huwa na tarehe yake ya kuisha. Nguo za EPZ nyingi zimekuwa zikienda Marekani chini ya AGOA, mpango wa Marekani ulioanza 2000 wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, kwa hiyo uamuzi wa Washington hufika kwa mshona nguo wa Changamwe. Hapa Kwale tuna somo letu: mgodi wa titani wa kampuni ya Base ulianza kusafirisha madini 2014 na ukafunga uchimbaji Desemba 2024, mchanga wenye faida ulipokwisha. Sheria ya madini ya 2016 inagawa mrabaha asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii. Aliyekuwa na swali la pili kichwani tangu mwanzo alikuwa akiuliza ile 10 iko wapi.

*Inamfaa* kijana anayeweza kuamka alfajiri kila siku akasimame kwenye zamu, mwenye subira, asiyehitaji cheti kikubwa. Kwenye nguo wengi ni wanawake. Kwa mhitimu wa chuo kikuu nafasi ni chache.

Njia ya pili: nafuu ya kodi kwa anayeajiri kijana

Hapa nafuu haipewi kampuni kwa kujenga, inapewa kwa kila kijana iliyemwajiri. Afrika Kusini ndiyo yenye mfano mkubwa barani. Tangu Januari 2014 mwajiri wa mtu wa miaka 18 hadi 29 mwenye mshahara mdogo hukata kiasi fulani kwenye kodi ya mishahara ambayo angeipeleka serikalini. Tangu 2022 kikomo ni randi 1,500 kwa mwezi mwaka wa kwanza, na 750 mwaka wa pili. Kwenye maeneo maalumu ya kiuchumi sharti la umri huondolewa. Vyama vya wafanyakazi vilipinga, vikihofia wazee kufukuzwa ili vijana wenye ruzuku wachukue nafasi zao. Watafiti wa huko hadi leo hawajakubaliana ni kazi ngapi mpya zilizaliwa, na ni ngapi zingekuwepo hata bila nafuu hiyo.

Kenya tunayo ndogo yake, wengi hawaijui. Anayechukua wanagenzi wasiopungua 10 kwa miezi 6 hadi 12 hupewa nafuu ya asilimia 50 ya mishahara aliyowalipa. Ilianza kwa wahitimu wa vyuo vikuu, kisha ikafikishwa kwa wa vyuo vya ufundi.

*Ufunguo:* Nairobi tena, kwenye Sheria ya Fedha. *Pesa* ni kodi isiyokusanywa, ila angalau hii ina jina la mtu aliyeajiriwa, kwa hiyo inaweza kuhesabiwa. *Muda* ni mfupi, maana kampuni tayari ipo. Tatizo ni hilo neno "kampuni ipo". Wanagenzi 10 kwa mpigo ni hesabu ya benki, hoteli kubwa ya Diani, kampuni ya mizigo. Karakana ya mtu na ndugu yake pale Msambweni haifiki hata 3. Eneo lenye waajiri wachache hupata nafuu kidogo, na eneo lenye waajiri wengi hupata nyingi, ilhali uhaba wa kazi umekaa kinyume chake. *Inamfaa* mwenye cheti au diploma aliye mjini, anayekwama kwa sababu kila tangazo linataka uzoefu wa miaka miwili.

Kama kikundi chenu ni cha namna hiyo, ombi lenye meno ni kushusha idadi kutoka 10 hadi 2 au 3, na ombi hilo lipelekeni Bungeni.

Njia ya tatu: kibarua cha umma

Kusafisha mitaro, kupanda mikoko, kuchonga barabara za mashinani. Serikali inakuwa mwajiri.

*Ufunguo.* Serikali kuu na kaunti, wote wawili wanao. Hii ni njia ambayo MCA wako, yaani mwakilishi wa wadi, anaweza kweli kuiweka kwenye bajeti ya wadi, na asiwe na kisingizio cha Nairobi.

*Pesa.* Hutoka kwenye bajeti moja kwa moja, na nyingi hulala hapo hapo mtaani. Kazi Mtaani, iliyoanza 2020 wakati wa korona, iliajiri vijana zaidi ya laki mbili na nusu katika awamu yake ya pili kwa shilingi 455 kwa siku. Hata kama ungefanya siku 20 kwa mwezi ni shilingi 9,100. Mtu wa mbali ataona ni hela ya soda, ila muulize mwenye duka la Bombolulu daftari lake la madeni lilikuwaje wiki ya malipo, na wiki malipo yalipochelewa.

*Muda.* Hapa haina mshindani. Ni wiki chache tu kutoka kuandikishwa hadi kulipwa.

Kudumu ndiko inakofeli. Kazi kwa Vijana ilizinduliwa 2009 ikaishia kwenye maswali ya matumizi ya fedha. Kazi Mtaani ilikuja na serikali moja, na iliyoingia 2022 haikuiendeleza, ikisema vijana watapata kazi kwenye ujenzi wa nyumba za bei nafuu, unaogharamiwa na makato ya asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi na 1.5 nyingine ya mwajiri. Mjengo una kitu ambacho mtaro hauna, kwani fundi anayeanza kama saidia ataondoka anajua kupiga plasta. Lakini mjengo uko mahali ulipo. Nyumba zikijengwa Mombasa mjini, kijana wa Lunga Lunga atakula mshahara wake kwenye nauli na kodi ya chumba.

Jambo jingine, nalisema kwa upole: orodha. Njia hii ni ya majina, na majina huandikwa na mtu. Ukiiomba, omba papo hapo na namna ya kuchagua: bahati nasibu hadharani, au orodha ibandikwe ofisi ya chifu kabla ya malipo.

*Inamfaa* asiye na mtaji wala cheti, mwenye njaa ya leo. Inafaa pia baada ya mafuriko, au kiwanda kinapofunga ghafla na watu wanahitaji miezi ya kuvuta pumzi. Anayetaka kujenga maisha ya miaka 10 juu yake atavunjika moyo.

Njia ya nne: mkopo, zabuni, na ada

Nimeviweka pamoja vitu vitatu kwa sababu vyote vinamhusu kijana anayejiajiri, na kwa sababu serikali hupenda kutangaza cha kwanza na kunyamazia cha tatu.

*Ufunguo.* Umegawanyika. Mfuko wa vijana ulioanza 2006, Uwezo, na Hustler Fund ya Novemba 2022 ni vya serikali kuu. Kaunti zinaweza kuwa na mifuko yao. Zabuni za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, asilimia 30 ya manunuzi ya umma tangu 2013, zinahusu ngazi zote mbili. Vibali na sesi ni vya kaunti peke yake.

*Pesa na muda.* Mkopo wa mtu binafsi wa Hustler ni shilingi 500 hadi 50,000, riba asilimia 8 kwa mwaka, urudishwe ndani ya siku 14. Unaingia kwenye simu siku hiyo hiyo. Siku 14 zinamtosha muuza samaki anayenunua asubuhi na kuuza jioni. Aliyepanda mchicha atavuna deni limeshaiva, na anayengoja minazi izae asiuguse.

Tanzania walichagua mkondo mwingine. Kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ni vikundi, na ni sheria, si hisani ya diwani. Hata hivyo 2023 serikali iliisimamisha baada ya ukaguzi kuonyesha fedha nyingi hazirudi na vikundi vingine ni hewa, ikaanza tena 2024 kwa utaratibu mpya. Na kuna kasoro ambayo utaratibu hauiondoi: asilimia 10 ya mapato ya ndani ya jiji la Dar es Salaam ni pesa nyingi, ya halmashauri ya pembezoni ni kiduchu. Mfumo unaolenga usawa ndani ya halmashauri unaacha pengo kati ya halmashauri na halmashauri.

Zabuni ina utamu wake, ila ina mwiba unaojulikana. Kaunti nyingi zina malimbikizo ya madeni kwa wakandarasi. Kijana anakopa, anapeleka madawati, kisha anasubiri malipo mwaka mzima huku mkopo ukizaa.

Tuje kwenye ada, ambako mimi ningeweka nguvu zaidi. Mwenye mauzo ya zaidi ya milioni moja kwa mwaka hadi milioni 25 hutozwa na serikali kuu kodi ya mauzo ya asilimia 3, na tangu 2023 ndivyo ilivyo. Awali ilikuwa 1. Inakatwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Chukua kibanda cha vyakula kinachouza shilingi 1,500,000 kwa mwaka, takriban 4,100 kwa siku. Kodi ni 45,000. Kama faida ni shilingi 10 kwa kila 100, mwenye kibanda amebaki na 150,000, na kodi imechukua karibu theluthi yake. Juu ya hapo kuna kibali cha kaunti, cheti cha afya, ada ya soko, na siku mbaya, kanjo, wale askari wa kaunti. Unaweza kumkopesha mtu huyo 50,000 na kuzichukua zote tena kwa mkono wa pili.

*Inamfaa* aliyekwisha kuanza, anayejua mteja wake ni nani. Kwa asiye na biashara, mkopo ni deni linalotafuta kazi ya kufanya, na ada nafuu haimsaidii chochote.

Kwa hali yako

Kama wengi wenu hamna kitu kabisa na mwaka umekuwa mbaya, ombeni kibarua cha umma kwenye wadi, na mtaje kazi yenyewe: barabara ipi, mtaro upi, watu wangapi, siku ngapi, majina yatachaguliwaje. Peleka kwa kaunti. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kufikia Septemba 1, waraka wa mikakati ya fedha mwishoni mwa Februari, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Anayesubiri kikao cha Mei huwa anazungumzia kitu kilichokwisha kupikwa.

Kama mna biashara zinazopumua kwa shida, acheni mkopo kwanza. Ombeni kibali kimoja badala ya vinne, mwaka wa kwanza bila ada kwa biashara mpya ya kijana, na zabuni za vijana zilipwe kabla ya za wakubwa. Yote hayo yako ndani ya uwezo wa kaunti. Asilimia 3 ya mauzo iandikieni barua Bunge la Taifa, maana Mswada wa Fedha hufika huko kufikia Aprili 30 na kamati husikiliza watu kabla ya Juni kwisha. Baada ya Juni 2024, vijana walipojaa barabarani na rais akakataa kutia saini mswada uliokwisha kupitishwa, sidhani kuna mbunge anayezitupa barua hizo bila kuzisoma.

Kama ni wahitimu wa mjini, fuateni nafuu ya mwajiri, na mtafute hoteli au kampuni mbili zitakazosimama nanyi kusema kwamba zingechukua wanagenzi kama idadi ingeshushwa. Ombi la vijana peke yao ni rahisi kulikalia.

Kama mko karibu na ardhi inayotajwa kwa kiwanda au mgodi, kiwanda hamtakiomba nyinyi. Kitakuja au hakitakuja. Ombeni kilicho pembeni yake: maji, chuo cha ufundi kinachofundisha kazi za kiwanda hicho kabla hakijafunguliwa, sharti la ajira za wenyeji liandikwe kwenye mkataba, na mrabaha wa jamii uwe na akaunti inayosomwa hadharani. Na ulizeni siku ya kwanza kitafungwa lini.

Kama kikundi kina watu wa aina zote, kama chetu kilivyokuwa, gawaneni maikrofoni. Watu wanne wakisimama mmoja mmoja, kila mmoja na ombi moja, mna dakika 12.